Chipu kwanza, ndipo chanjo: safari ya Mgebuka kutoka Ujiji

Paka wetu anaitwa Mgebuka kwa sababu ya kosa lake la kwanza. Tulimwokota nyuma ya soko la Ujiji akiwa hajafikisha miezi miwili. Siku ya tatu tu nyumbani akavuta mgebuka mzima kutoka kwenye sinia, samaki mrefu kuliko yeye mwenyewe, akawa anarudi naye kinyumenyume kuelekea uvunguni. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo paka akawa wake, na jina likabaki.

Miaka mitatu baadaye baba yake, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Ujerumani, akatangulia. Tulipoanza kushughulikia viza za kumfuata, binti aliuliza swali moja tu: "Na Mgebuka?" Nikamjibu kama wazazi tunavyojibu tukitaka kuahirisha ugomvi: "Tutaona." Yeye akahesabu kwamba nimekubali.

Mtaani tulichekwa. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha Mgebuka mabaki ya dagaa kila jioni, alisema kwa sauti ya kusikika barazani kote: "Watoto wa watu wanazungushwa viza miaka nenda miaka rudi, nyie mnamkatia paka tiketi!" Sikuwa na jibu. Mwezi Mei viza zetu zilipotoka na paka bado anasubiri Julai, nilimpelekea taarifa mwenyewe: bibi, kumbe mwenye viza ngumu ni paka.

Wengi wanaosimulia safari za namna hii wanaanzia Dar es Salaam, ambako kliniki yenye chipu, mashine na fomu zote iko mwendo wa bajaji. Ukianzia Kigoma, umbali wenyewe ni sharti jingine ambalo halijaandikwa kwenye karatasi yoyote, na mimi umbali huo, pamoja na haraka zangu mwenyewe, ulinigharimu wiki tano.

Masharti, kama yalivyotuhusu sisi, ni haya. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo wanyama wake wanapunguziwa masharti ya kichaa cha mbwa. Tanzania haimo. Kwa hiyo mbwa au paka wetu lazima awe na chipu chini ya ngozi yenye namba ya tarakimu 15. Kisha achanjwe kichaa cha mbwa, akiwa na umri usiopungua wiki 12. Zipite siku zisizopungua 30, ndipo atolewe damu ya kupima kama chanjo imeshika, na kipimo hicho kifanyike kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wenyewe. Kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya chanjo, zisipungue 0.5 kwa mililita, kwa vizio vya kimataifa vinavyoandikwa IU. Hapo ndipo inaanza kuhesabiwa miezi mitatu, tangu siku ya kutolewa damu, kabla mnyama hajaruhusiwa kuingia. Mwishoni kabisa, ndani ya siku 10 kabla ya kufika, daktari wa mifugo wa serikali anasaini cheti cha afya.

Ukisoma haraka unaona mambo matano. Mimi nilisoma haraka.

Mgebuka alikuwa ameshachanjwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mwaka ule kulikuwa na chanjo mtaani kwetu. Watoto walipanga foleni na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, na binti yangu akiwa katikati yao amembeba paka kwenye kikapu cha sokoni. Akapewa kadi. Kwa hiyo Februari, chipu ilipofika, nilijua chanjo tunayo. Chipu yenyewe hatukuipata Kigoma. Daktari wetu wa mifugo, mtu wa makamo mwenye ng'ombe wengi wa kuhangaikia kuliko paka, aliiagiza Dar ikaja kwa basi, jumla shilingi 75,000. Tarehe 11 Februari akamchoma. Sindano ya chipu ni nene, sikudanganyi, lakini chipu yenyewe ni kama punje ya mchele, na Mgebuka alilia mara moja tu, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyemchoma.

Daktari akauliza, "Na chanjo turudie leo leo, Mwalimu?" Chanjo ilikuwa shilingi 10,000. Nikasema hapana, anayo ya Septemba, haijaisha mwaka, tusimtese.

Wiki ya tatu baadaye mume wangu akaenda kumuuliza daktari wa wanyama huko aliko, akamwonyesha picha ya kadi na tarehe ya chipu. Jibu likaja usiku: chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki. Kwao ni kama haijawahi kuchomwa. Na ukikaa kufikiri unaona mantiki yake, maana bila chipu, hiyo kadi ni ya paka gani? Wa rangi ya kijivu mwenye michirizi? Ujiji nzima ina paka wa kijivu wenye michirizi.

Hapa nilifanya jambo ambalo bado linanipa aibu. Nilimfuata daktari nikamwomba anichanjie paka siku hiyo, tarehe 4 Machi, lakini aandike 11 Februari. Wiki tatu tu, nikamwambia, hakuna wa kudhurika. Alikuwa ananawa mikono. Hakugeuka. "Mwalimu, unaposahihisha mitihani, mtoto akikosa unamwandikia alama kwa sababu mama yake ana haraka?" Kisha akafungua friji akanionyesha boksi la chanjo: limepokelewa mwishoni mwa Februari, na kila kichupa kina stika yenye namba ya toleo, ambayo hubanduliwa na kubandikwa kwenye kitabu cha chanjo. Tarehe ya uongo ingebandikwa pembeni ya ushahidi wa kuikana. Kadi ile ya Septemba, nikaja kuona baadaye, haikuwa na stika wala namba yoyote, ilikuwa na mhuri na neno "paka" tu.

Niliondoka nimenuna. Lakini wiki tatu zilikuwa zimekwenda kwa ajili ya shilingi 10,000.

Tarehe 8 Aprili akamtoa damu. Hili ndilo lililonitia hofu zaidi kuliko yote. Tulimviringisha kwenye kanga, kichwa nje na mguu mmoja wa mbele nje, binti akawa anamsemesha kwa sauti ya chini, daktari akanyoa kijisehemu cha manyoya kwa wembe. Zilitoka mililita tatu hivi. Tukaiweka kwenye deli dogo lenye vipande vya barafu, nikaenda stendi alfajiri, nikamkabidhi kondakta elfu kumi na tano na maneno mengi ya kusihi. Kliniki moja Dar ilikubali kuipokea, kuiandalia karatasi na kuituma Ulaya.

Baada ya siku chache wakanipigia. Sampuli haifai. Barafu iliyeyuka njiani, damu ikatikisika safari nzima, chembe zikapasuka, na ile seramu iliyotakiwa iwe ya manjano ilikuwa nyekundu kama juisi ya rosela. Maabara ya nje ingeikataa, kwa hiyo hawakuona sababu ya kunilipisha gharama ya kutuma. Niliwashukuru kwa hilo, hata kama nililia nikikata simu.

Kosa halikuwa la basi. Kosa ni kwamba tulituma damu nzima, wakati kinachopimwa ni seramu, lile jimaji linalobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa kwenye mashine. Na mashine hiyo haihitaji Dar. Maabara nyingi za hospitali zinayo, na kwa upande wetu wa magharibi Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Tabora. Mara ya pili, tarehe 22 Aprili, daktari alizungumza na fundi wa maabara anayefahamiana naye hapa mjini. Damu ikaachwa igande kama saa moja, ikazungushwa, seramu ikanyonywa kwa uangalifu ikatiwa kwenye kichupa kipya. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha: manjano hafifu kama mafuta ya alizeti, kiasi cha kijiko cha chai hakijai. Juu yake daktari akaandika namba ya chipu, tarakimu zote 15, mimi nikizisoma kutoka kwenye karatasi na binti akizirudia nyuma yangu. Safari hii sikumtafuta kondakta. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu anapanda ndege kwenda Dar kwenye semina, nikamwomba, akabeba deli hadi mlangoni pa kliniki.

Maabara tuliyoichagua ilikuwa Ujerumani ili mume wangu aweze kulipa na kufuatilia, euro 75. Kuituma kutoka Dar kulinitoka shilingi 290,000. Barani kwetu ipo pia maabara iliyoidhinishwa, ile ya Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa hiyo ukiuliza kliniki yako wakupigie hesabu za kote kuwili hupotezi kitu. Majibu yakatoka tarehe 16 Mei, 2.6, juu kabisa ya kiwango. Nilimsomea binti akauliza kama hiyo ni alama A.

Miezi mitatu ikahesabiwa kuanzia 22 Aprili. Tarehe 8 haikutusaidia chochote tena, tena hizo ni wiki mbili nyingine. Viza zetu zilikuwa na siku 90 za kuingilia na zilikuwa zinakwenda, mume wangu anauliza kila Jumapili mnakuja lini. Alipendekeza sisi tutangulie na paka aje baadaye na mtu yeyote anayesafiri. Wazo zuri, isipokuwa halikubaliki hivyo. Mnyama akiandamana na mtu uliyemwidhinisha kwa maandishi, mwenye mnyama lazima asafiri ndani ya siku tano kabla au baada yake. Ikizidi hapo, paka wako kipenzi anahesabika bidhaa, na masharti ya biashara ni mlima mwingine. Tukangoja. Tiketi nikakata ya 27 Julai, baada ya kuacha siku chache za tahadhari.

Katika kungoja huko nilifanya jambo moja la akili, na sifa si zangu, aliniambia daktari. Nilinunua mapema mfuko wa kubebea paka, shilingi 150,000, nikauacha wazi sebuleni kwa miezi miwili. Dagaa wake wote aliwekewa humo. Kufikia Julai alikuwa analala ndani yake mchana kutwa na anamfukuza yeyote anayeusogeza. Dawa ya kumlaza tuliikataa kabisa, daktari aliikataza na mashirika mengi ya ndege hayapokei mnyama aliyelewa dawa. Nafasi ya paka kwenye ndege nayo si ya kudhania: kila safari ina idadi ndogo ya wanyama wanaoruhusiwa kukaa na abiria, inabidi uombe na ithibitishwe kabla hujalipa tiketi yako, na kwa ndege yetu paka pamoja na mfuko visizidi kilo 8. Mgebuka na mfuko wake walikuwa kilo 6 na gramu mia tatu kwenye mizani ya muuza mchele. Ada dola 150.

Tuliondoka Kigoma tarehe 18 kwa basi. Bibi alikuja stendi na kifurushi cha dagaa wakavu, akamwekea mwenyewe mdomoni mmoja kupitia zipu. Kuhusu njia sina mengi. Paka alilia hadi Uvinza, akanyamaza baada ya daraja la Malagarasi, akalala hadi Tabora. Nepi za mtoto tulizotandika chini ya mfuko ndizo zilizookoa heshima yetu.

Nilipanga wiki nzima Dar kwa makusudi, kwa sababu ya hizo siku 10 za cheti. Ukikifuata ukiwa Kigoma, umekwisha zila tatu njiani. Kibali cha wizara cha kumtoa mnyama nchini tulikuwa tumekiomba mapema. Tarehe 23 Julai tukaenda kwa daktari wa serikali na kitabu cha chanjo, majibu ya maabara, karatasi ya chipu, na nakala mbili mbili za kila kitu.

Akachukua kifaa cha kusomea chipu akakipitisha mgongoni kwa Mgebuka, kati ya mabega, pale chipu ilipochomwa. Kimya. Akarudia. Kimya. Akabadilisha betri. Kimya. Nilihisi miguu ikiisha nguvu, kwa sababu bila chipu kusomeka, chanjo, damu na miezi yote vinakuwa vya paka mwingine. Binti alinishika kidole. Yule daktari, kijana mtaratibu, wala hakuharakisha. Akaanza kushuka nacho polepole kwenye ubavu, kisha bega la kushoto, kisha chini kidogo karibu na kiwiko, na hapo ndipo kikalia. Chipu huwa inahama chini ya ngozi, akasema, si ajabu. Kwangu ilikuwa ajabu ya kutosha. Tangu Februari hatukuwahi kumpitishia kifaa hata mara moja kwa sababu Kigoma hatukukipata. Kama nikirudia, nitakiazima popote kilipo, na kila akichanjwa au kutolewa damu namba isomwe kwanza.

Cheti alisaini kwa kalamu ya bluu, na mhuri wake pia haukuwa mweusi. Nilimuuliza, akasema rangi ya saini na mhuri inatakiwa itofautiane na maandishi yaliyochapwa, watu hurudishwa kwa kitu kidogo kama hicho. Nami nikasaini tamko langu kwamba paka si wa kuuzwa.

Uwanjani walimtaka nje ya mfuko ili mfuko upite kwenye mashine. Hilo hakuna aliyeniambia. Paka aliyekulia Ujiji, mikononi, katikati ya kelele za uwanja wa ndege! Alikuwa na mkanda wa kifuani, nashukuru, na juu yake nikamfunga ile kanga ya siku ya damu. Akachimba kucha begani kwangu. Alama ninazo hadi leo.

Frankfurt hatukupita mlango wa kijani, wa wasio na cha kutangaza, pamoja na wengine. Mnyama anatokea nchi kama yetu, unakwenda mlango mwekundu kwa forodha na kumtangaza mwenyewe, hata kama umechoka na mumeo unamwona kwa mbali kupitia kioo. Wakikuta karatasi zina kasoro, wanaweza kumrudisha alikotoka au kumfungia karantini kwa gharama zako, na kama hayo yote yameshindikana, kumuua kunaruhusiwa. Nilikuwa nalijua hilo kwa miezi na sikuwahi kumwambia binti.

Ofisa akasoma karatasi moja moja. Akachukua kifaa, akakipitisha kati ya mabega. Kimya. Binti yangu, Kijerumani chake wakati huo ni salamu tu, akanyoosha mkono akagusa karibu na kiwiko cha kushoto cha paka, akamwangalia yule mtu usoni. Kikalia.

Tukijumlisha yote, bila tiketi zetu wenyewe, Mgebuka ametugharimu karibu milioni moja na nusu. Sehemu yake kubwa ilikuwa ada ya ndege, kutuma seramu na maabara, si ada za serikali kama nilivyoogopa. Sasa ana pasipoti ya wanyama ya Umoja wa Ulaya, ya bluu, aliyopewa na daktari wa hapa, na tarehe ya chanjo inayofuata imebandikwa kwenye friji. Chanjo isipokatika hata siku moja, kile kipimo cha damu kinaendelea kutambuliwa. Ikikatika, unaanza upya.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa zamani, siku hizi yuko Kasulu, aliniandikia. Anamfuata mumewe Uingereza na wana mbwa. Nikamweleza kwamba huko kuna mambo yanayofanana na yetu, damu na miezi mitatu, ila mbwa lazima apewe dawa ya minyoo ya tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, na kwa ndege anaingia kama mzigo, si kwenye mfuko miguuni pako. Akashukuru sana. Kisha akanitumia picha ya kadi, ana furaha, kwamba wao angalau hatua ya kwanza wameshaimaliza: mbwa kachanjwa wiki iliyopita. Nikaikuza picha nikatafuta mahali pa namba ya chipu. Palikuwa na mstari mtupu.

Sikuandika. Nilimpigia.